Shanga Kumi na Tatu

Mimi na Kichina tulikuwa tukipatana vizuri hadi tulipofika somo la kumi na nne. Kabla ya hapo nilikuwa nakipenda. Nilijiandikisha kwa sababu ya kazi: natembeza wageni kwenye mashamba ya viungo kule Kizimbani, na Wachina walipoanza kuwa wengi, mwenzangu Nasima aliyekuwa anajua maneno thelathini ya Kichina akawa anaitwa kila siku, na mimi nakaa chini ya mkarafuu najipepea. Sina moyo wa kuvumilia jambo kama hilo. Nikajiunga na darasa la Mwalimu Ubwa, saa kumi za jioni, chumba cha ghorofani nyuma ya soko la Darajani, ambako harufu ya samaki hupanda ngazi kabla ya wanafunzi.

Somo la kumi na nne lilikuwa juu ya kuhesabu vitendo. Kiswahili kimetosheka na neno moja: mara. Nimekwenda mara mbili, nimesoma mara mbili, nimemwita mara mbili, na kila mtu kaelewa. Wachina hawaridhiki. Wanataka ujue kitendo chenyewe kilikuwa cha namna gani kabla hujakihesabu. Kitu kikitokea mara mbili tu, bila ya kujali kiliishia wapi, hiyo ni ci. Ukikisoma kitabu mara mbili kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, hiyo ni bian, na kama hukufika mwisho huna haki ya kulitumia neno hilo. Ukienda mahali ukarudi, safari yako inahesabiwa kwa tang. Ukigonga mlango, ukibonyeza kitu, ukitikisa kichwa, kila tendo hilo fupi ni xia. Hata kugombezwa kuna kipimo chake, dun, na ndicho hicho hicho wanachohesabia milo, kwa hiyo mtu anaweza kushiba na kukaripiwa kwa kipimo kimoja.

Nilinyoosha mkono nikauliza kwa nini watu wote wale, na wingi wao, hawakukaa wakakubaliana wapunguze mzigo. Mwalimu Ubwa alikaa China miaka sita, akarudi na shahada na tabia ya kunywa maji ya moto matupu. Hakukasirika. Aliniuliza jana Laasiri nilisali mara ngapi. Nikamwambia mara moja. Akaniuliza rakaa ngapi. Nikamwambia nne. Akauliza kama mtu anaweza kusimama, akasoma kidogo, akarukuu, kisha akaondoka zake kwenda dukani na kusema kasali rakaa moja.

"Bian ndiyo rakaa, ila ya kila kitu," akasema.

Darasa zima lilicheka. Nilielewa pale pale, na ndiyo maana nikazidi kukasirika, kwa sababu hakuna kinachouma kama kupigwa kwa fimbo uliyoikata mwenyewe. Niliapa kwamba nikimaliza mtihani, hayo maneno sitayatumia tena.

Wiki tatu baadaye baba akaanguka.

Baba yangu, Mzee Mbarouk, ni mpika halua. Miaka arubaini na zaidi amesimama mbele ya sufuria la shaba katika kibanda chao Mji Mkongwe, yeye na mdogo wake, Ami Jaku, na mwiko mrefu kama kasia. Halua ina sharti moja ambalo sisi watoto wake tulilijua kabla ya kujua kusoma: ukishaanza kukoroga huachi. Wanga na sukari haviwezi kukusubiri. Ukiacha kidogo tu, chini pameungua na juu pamefanya madonge. Kwa hiyo baba alikuwa anakoroga saa mbili, saa tatu, hata mgeni akija, hata mvua ikiingia ndani. Mama alikuwa akisema kwamba siku ya harusi yao alimngoja bwana harusi mpaka halua ya harusi yenyewe ilipoiva.

Alipigwa na kiharusi akiwa nyumbani kwetu Mpendae, akitia udhu. Alhamdulillahi, tulimuwahisha hospitali. Uso ulirudi, maneno yalirudi, mguu ukarudi na kilema kidogo. Mkono wa kulia haukurudi. Ulikuwa unaning'inia tu, na baba akiutazama kwa hasira, kama mtu anayemtazama mgeni aliyekaa siku nyingi.

Hospitali alikuwepo daktari wa Kichina, Daktari Shen, aliyekuja kwa mwaka mmoja na aliyekuwa akishughulikia watu wa namna ya baba. Mwembamba, mpole, Kiingereza chake kidogo kama Kichina changu. Mkalimani alikuwa mmoja kwa wodi tatu na hapatikani. Nikasema kwamba nitafasiri mwenyewe. Muuguzi, Bi Mwanamwema, alinipandisha na kunishusha kwa macho, nami nikajifanya sikumuona.

Daktari Shen alisema maneno ambayo sikuyasahau. Alisema miezi mitatu ya mwanzo ndiyo miezi ambayo mkono unajifunza. Baada ya hapo unajifunza kidogo sana, na kilichokuwa hakijarudi huenda kisirudi. Yeye mwenyewe anaondoka baada ya Idd. Baba aliponiuliza kasema nini, nilimwambia yote, sikumficha. Akaniuliza jambo moja tu, kama atashika mwiko. Nikamuuliza daktari, na daktari akasema inawezekana, kama atafanya mazoezi kama alivyoagizwa.

Na hapo, katika chumba kile chenye feni mbovu, somo la kumi na nne likanirukia lote. Mazoezi yalikuwa matatu: kuminya kitambaa kilichoviringwa, kugeuza kiganja juu na chini, na kuinua mkono kwa kusaidiwa na ule wa kushoto. Kila zoezi xia ishirini. Yote matatu kwa mfululizo, tangu la kwanza hadi la mwisho, ni bian moja. Kwa siku bian mbili, asubuhi na jioni. Hospitali aje tang tatu kwa wiki. Nilitoka jasho. Nikamfasiria baba taratibu: kila zoezi mara ishirini, ukimaliza yote matatu umemaliza duru moja, duru mbili kwa siku, na kuja huku siku tatu katika wiki. Baba akaitikia kwa kichwa na akanirejeshea maneno yangu yote, neno kwa neno, ishirini, matatu, mbili.

Wiki ya kwanza vidole viwili vilitikisika. Nililia jikoni, peke yangu, kwa furaha. Wiki ya pili bega likavimba. Wiki ya tatu mkono ulikuwa wa moto, kifundo kimejaa, na vile vidole viwili vimelala tena kama havijawahi kuamka.

Daktari Shen aliugusa mkono ule akaulinganisha na wa kushoto. Aliuliza anafanya mara ngapi. Baba akajibu kwamba anafanya kama alivyoagizwa. Basi daktari akanigeukia mimi, akaniuliza polepole, kwa upole, nilimwambia baba nini. Upole ule ulinichoma kuliko kama angenipigia kelele. Bi Mwanamwema alikunja mikono kifuani. Nikajibu, lakini ulimi ulikuwa mzito, na nilipofika kwenye vile vipimo sikuwa na hakika tena ni kipi kilikuwa kipi.

Siku ile sikula. Nilikuwa nikijiuliza kama nilichanganya. Kama badala ya xia ishirini nilisikia bian ishirini, na baba akafanya duru ishirini nzima kwa siku, basi mkono wa baba yangu nimeuua mimi, kwa ulimi wangu, kwa kiburi changu cha kusema nitafasiri mwenyewe na mtu asiniambie kitu. Nilikuwa na hofu ambayo sijapata kuwa nayo. Miezi mitatu ilikuwa imebaki miwili na siku kidogo.

Kesho yake nilipanda ngazi za Darajani kabla ya darasa kuanza. Mwalimu Ubwa alikuwa na birika lake. Nilimsimulia, naye hakunipa pole, ila alivuta kiti akaniambia yeye sasa ni Daktari Shen. Akasema maagizo yote kwa Kichina, haraka, kama wanavyosema wenyewe, akanitaka nimfasirie kama nilivyomfasiria baba. Nikafasiri. Akasema tena kwa kugeuza maneno. Nikafasiri tena. Alinirudisha mara nne, na kila mara nilikuwa nangoja aninyooshee kidole.

"Kichina chako hakina kosa," akasema mwisho. "Sikupi maksi za bure, unanijua. Katafute kosa kwengine."

Niliteremka ngazi zile nikiwa mwepesi na nimechanganyikiwa. Kama si mimi, ni nani?

Nilifika Mpendae adhana ya Laasiri imeshapita. Mama alikuwa kwa jirani. Mlango wa chumba cha baba ulikuwa wazi kidogo. Alikuwa ameketi juu ya msala, mgongo kwangu, ameshasali. Katika mkono wa kushoto alikuwa na tasbihi yake. Katika mkono wa kulia alikuwa na kile kitambaa kilichoviringwa. Subhanallah, akavuta shanga moja na kujikaza kuminya. Subhanallah, shanga nyengine, akaminya. Nikaanza kuhesabu kwa kidole juu ya mlango. Kumi. Kumi na tano. Ishirini. Hakusimama. Alifika thelathini na tatu, akaweka kitambaa chini, akaanza Alhamdulillah kwa kugeuza kiganja, thelathini na tatu. Kisha akaiweka tasbihi juu ya paja, akaunyanyua mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, Allahu Akbar, akavuta shanga kwa kidole kimoja, akanyanyua tena. Bega lilikuwa linatetemeka. Nilimuona anauma meno.

Mazoezi matatu. Uradi wa namna tatu. Na baada ya kila sala, tano kwa siku. Nilipiga hesabu pale pale mlangoni: daktari alitaka mia na ishirini kwa siku, baba alikuwa anafanya karibu mia tano.

Niliingia bila ya hodi, jambo ambalo halifanywi kwetu. Nilimwambia maneno mengi, na mengine sikupaswa kumwambia baba yangu. Nilimwambia ananiua. Nilimwambia nimekaa siku nzima nikijiona muuaji, kumbe yeye yuko huku anafanya ya kwake. Aliningoja nimalize. Ndiyo tabia yake, humwacha mtu akapoa mwenyewe.

"Bashira," akasema, "daktari kasema ishirini. Mie nkifika ishirini, shanga zimebaki kumi na tatu. Ntaziacha wapi?"

Nikamwambia kwamba hayo ni mazoezi, si uradi, angeweza kuyafanya bila ya tasbihi. Akasema kwamba mkono ni wa Mungu, na hawezi kumpa Mwenyewe thelathini na tatu halafu mkono wake akaupa ishirini. Nikamwambia haraka haina baraka. Akanijibu kwamba ajizi ni nyumba ya njaa. Nikamwambia mkono umevimba. Akasema halua nayo, kabla haijaiva, inakuwa ngumu sana kukoroga, na asiyejua ndipo anapoacha.

Siku ya hospitali nilimueleza Daktari Shen. Sikuwa na neno la tasbihi kwa Kichina, kwa hiyo niliiomba kwa baba nikaiweka mezani. Daktari alizihesabu shanga moja moja, akatikisa kichwa, na nadhani alitaka kucheka lakini alijizuia kwa heshima. Kisha akawa mkali. Akasema wiki nzima mkono upumzike, usifanye kitu chochote. Baada ya hapo xia kumi tu, bian moja kwa siku. Kuzidisha si dawa.

Nilifasiri sawasawa. Baba aliitikia kwa kichwa, lakini safari hii hakunirejeshea maneno. Tulipofika nyumbani alikaa kitandani akageukia ukuta. Mama alipomuuliza, akasema daktari kamkatia tamaa. Kwanza alikuwa akimtaka ishirini, sasa anataka kumi, na kabla ya kumi anataka sifuri. Yeye anajua maana ya mtu kukwambia pumzika. Mpishi akiambiwa pumzika, mwiko ushapewa mwengine.

Wiki ya kupumzika ilikwisha na hakuanza tena. Kitambaa alikiweka chini ya mto. Siku ya hospitali ilipofika alisema ana homa. Siku ya pili alisema mguu unamuuma. Ami Jaku alikuja na halua aliyoipika mwenyewe kumshawishi, baba akaibonyeza kwa kidole cha kushoto, akasema imelegea, akarudi kulala. Nyumba ikawa nzito. Mimi nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa namuonea huruma, na sikujua kipi kinatangulia. Siku nazo zinakwenda.

Tang ya tatu nilikwenda hospitali peke yangu. Nilimwambia Daktari Shen kwamba baba hatokuja, na kwa nini. Alifikiri. Akaniuliza swali ambalo daktari wetu yeyote asingehitaji kuuliza, na labda ndiyo maana wetu hawakuliuliza: baba yangu anaweza kusimama kwenye idadi gani? Nilitaka kusema hakuna. Kisha nikakumbuka mwaka baba alipokwenda Hijja, miaka tisa nyuma, na namna alivyotusimulia, mguu kwa mguu.

Nikamwambia daktari: saba. Akauliza kwa nini saba na si kumi. Sikuwa na maneno. Nilichukua kalamu yake nikachora mraba kwenye karatasi ya hospitali, nikauzungushia mstari, mzunguko mmoja, mwengine, mwengine, mpaka saba, kila mmoja ukianzia na kuishia kwenye pembe ile ile. Nikaweka kalamu chini. Alizihesabu zile duara, akaandika pembeni saba, na chini yake akaandika bian mbili, asubuhi na jioni. Kwa maneno yake, saba mara mbili ni bora kuliko kumi ambazo mtu hazifanyi.

Nilimkuta baba amekaa uani, kanzu imekunjwa magotini, anautazama mti wa mlimau. Nilimuamkia, shikamoo, akajibu marahaba bila ya kugeuka. Nikakaa kwenye kibao miguuni pake. Sikuwa na hasira tena, ilikuwa imeniishia njiani.

"Baba, tawafu ni ngapi?" nikamuuliza.

"Saba. Umesahau?"

"Na baina ya Safa na Marwa?"

"Saba."

"Uliona mtu ana nguvu zake, akazidisha ya nane?"

Kuku wa jirani alipita kati yetu, akatutazama, akaenda zake. Baba ni mtu anayejua anapokamatwa, na hajifanyi hajui.

"Hiyo kasema yeye au umesema wewe?" akauliza.

"Nimesema mie. Yeye kaikubali."

"Na hakunikatia tamaa?"

Nilimwambia hakumkatia tamaa. Nikamwambia na jambo ambalo sikuwa nimepanga kumwambia. "Mie ndo naogopa, Baba. Kila siku ukilala ukigeukia ukuta, mie naogopa."

Aliunyanyua mkono wa kushoto akaniwekea kichwani, kama nina miaka saba. Tukakaa hivyo. Kisha akaniambia niingie ndani, nikamletee kile kitambaa chini ya mto, na tasbihi niiache pale ilipo.

Saba, saba, saba, asubuhi baada ya Alfajiri, na jioni baada ya Magharibi. Nilikaa naye kila mara nikamuhesabia mimi, kwa Kichina, kwa sababu kwa Kiswahili alikuwa anaweza kunipita, na kwa Kiarabu ndiyo kabisa. Yi xia, ya kwanza; ya pili siku ya mwanzo niliisema vibaya, er xia, kwa sababu mbili mbele ya kipimo haiwi er, inakuwa liang, na baba ambaye hajui hata neno moja aliniuliza kwa nini leo ile ya pili ina sauti nyengine kuliko jana. Nikikosea hesabu alikuwa ananitazama kwa jicho la mwalimu wa chuo cha Kurani. Nikifika saba, anasimama. Ilimpa tabu siku za mwanzo. Nilimuona vidole vya kushoto vikitafuta shanga ambazo hazipo.

Uvimbe ulishuka. Vile vidole viwili viliamka tena, kisha cha tatu. Daktari Shen aliongeza duru, si idadi: saba zilibaki saba, bian zikawa tatu, kisha nne. Ramadhani ilipoingia, baba alikuwa anaweza kushika tende kwa mkono wa kulia na kuifikisha mdomoni, na futari ya siku ile mama hakuila, alikuwa anamtazama tu. Sitasema kwamba mkono ulikuwa mzima. Ulikuwa unachoka haraka, na kidole cha mwisho kilikuwa bado kinakwenda kwa ridhaa yake mwenyewe. Lakini ulikuwa mkono.

Siku mbili kabla ya Idd baba alitaka kwenda kibandani. Nilimuuliza Daktari Shen kwanza, maana nilishajifunza. Alisema anaweza kujaribu kazi yake, akikoroga peke yake xia saba asizidishe, na zaidi ya hapo awepo mtu wa kuubeba uzito. Nilimrudishia baba maneno hayo mara mbili, mwanzo hadi mwisho, na akanirejeshea yote.

Kibanda kilikuwa na joto la kukausha macho. Watu wa Idd walishaanza kujipanga nje na sahani zao na makawa ya kufunikia. Ami Jaku alikuwa mbele ya sufuria, fulana imemganda, anakoroga halua iliyokwisha kugeuka rangi. Nilisimama mlangoni, mahali petu wanawake. Katika kibanda kile hakuna mwanamke aliyewahi kushika mwiko. Si kwamba kuna mtu aliyekataza, ni kwamba hakuna aliyewahi kufikiri. Nimekulia humo, nimekwangua sufuria hilo tangu sina meno ya mbele, na mwiko ule sijapata kuugusa.

Baba alisimama kando ya ndugu yake akaitazama halua muda. Ami Jaku alimimina samli, ikasambaa juu na kuanza kuzama. Baba akanyoosha mikono miwili. Ami Jaku alinitazama mimi. Nikaitikia kwa kichwa, akampa.

Mkono wa kushoto juu, wa kulia chini. Mwiko ulianza kwa kusitasita kisha ukaenda. Yi xia. Liang xia. Nilihesabu kwa midomo tu. San. Si. Wu. Uso wake ulikuwa umebadilika, miaka imemtoka. Liu. Qi. Saba.

Hakuacha.

"Baba, saba," nikasema.

"Nnajua."

Ami Jaku alisogea kumpokea, baba hakumpa. Nane ilipita. Hasira yangu ya zamani ikawa inapanda kifuani. Nilishafungua mdomo.

"Samli ishaingia," akasema bila ya kugeuka. "Hapa haiachwi. Na daktari kasema awepo mtu wa kubeba uzito. Njoo ushike."

"Mie?"

"Nani mwengine kanihesabia siku zote hizi?"

Niliingia. Ami Jaku akanipisha, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyeona paka anafungua mlango kwa ufunguo. Nilisimama nyuma ya baba nikaushika mwiko juu ya mikono yake. Sikujua kwamba halua ni nzito kiasi kile. Inakuvuta. Inataka kukuangusha ndani. Nilisukuma kwa nguvu zangu zote, naye akanielekeza kwa mabega yake, huku, sasa huku, fika chini, usiiache pembeni. Nje mtu aliuliza kuna nini leo mbona pako kimya, hakujibiwa.

Niliacha kuhesabu. Sijui tulizungusha mara ngapi, na ningeulizwa kwa Kichina nisingejua nianze na kipimo gani. Jasho lilikuwa linanitiririka mpaka kwenye macho. Halua ilianza kung'aa, ikaanza kuachana na shaba, na kila tukizunguka inatoka kidogo zaidi.

Hapo nikajaribu jambo. Sikumwambia. Nililegeza vidole vyangu, kidogo, kisha zaidi, mpaka mikono yangu ikawa imewekwa tu juu ya yake bila ya kusukuma chochote. Mwiko ukaenda. Ukafika chini, ukapita ukingoni, ukarudi, na mkono wa kulia wa baba ulikuwa umekaza, nauhisi chini ya kiganja changu, vidole vitano vyote. Nikaushika tena mwiko kabla hajajua, na mpaka leo sijamwambia.